Maswali ya Wasomaji: Fungu la Kumi, Ahadi ya Harambee na Saini ya Mdhamini

Barua za safari hii karibu zote zinahusu fedha: ya kanisa, ya nyumbani, ya rafiki. Tumezifupisha na kuondoa majina. Aya tunazozitaja zifungue mwenyewe, usome na zinazotangulia, maana aya ya fedha ikinyofolewa peke yake inaweza kusema lolote. Penye sheria, tunazungumzia Tanzania Bara isipokuwa tumesema vingine.

Natoa fungu la kumi, mtaji unakwisha

*Bwana Yesu asifiwe. Nina duka la rejareja hapa Iringa. Tangu mwaka jana natoa fungu la kumi la mauzo ya kila siku kabla sijagusa chochote. Sasa rafu ziko wazi na nadaiwa na muuzaji wa jumla. Nikiuliza, naambiwa imani yangu inajaribiwa. Nimekosea wapi? — Mama Duka, Iringa*

Amina, mama. Imani yako haina kasoro hapo. Kasoro iko kwenye daftari. Umekuwa ukitolea fungu la kumi mali ambayo sehemu kubwa si yako. Katika kila 1,000 inayoingia droo, 750 hivi ni ya kurudisha mzigo. Ukitoa 100 kanisani, unabaki na 150 ya pango, umeme, msaidizi na chakula cha watoto. Haitoshi, kwa hiyo unachota kwenye ile 750 bila kujua, na mwezi unaofuata rafu inaonesha.

Kumbukumbu la Torati 14:22 inazungumzia maongeo ya mbegu yatokayo shambani. Mkulima alipima mavuno, mfugaji alihesabu wanyama waliopita chini ya fimbo (Walawi 27:32). Hatusomi popote kwamba aliyenunua mzigo kwa mwingine atoe kumi la bei ya mzigo ule.

Fanya hesabu mara moja kwa mwezi, tarehe ile ile, duka likiwa limefungwa. Hesabu bidhaa zilizopo kwa bei uliyonunulia, si unayouzia. Tuseme mwezi ulianza na mzigo wa 900,000, ukaongeza wa 1,300,000, na mwisho umebaki wa 850,000. Uliotoka ni wa 1,350,000. Mauzo yalikuwa 1,800,000, tofauti ni 450,000. Ondoa pango 100,000, umeme 25,000, usafiri wa mzigo 45,000 na msaidizi 80,000. Imebaki 200,000.

Hapo hujamaliza, na hapa ndipo wenye maduka wengi wanajipunja au kumpunja Mungu bila kukusudia. Unga, sukari, sabuni na mafuta yanayokwenda nyumbani kwako hayaandikwi. Kama mwezi huo ulichukua vya 60,000, hilo ni pato. Umelila tu kabla halijawa noti. Pato lako halisi ni 260,000, na fungu lake 26,000. Kwa utaratibu wako wa zamani ungetoa 180,000 na kubaki na 20,000 ya kuishi mwezi mzima. Weka daftari dogo kando ya droo, kila kinachokwenda jikoni kiandikwe kwa bei ya kununulia, hata kiberiti.

Nyanya zilizooza hazihitaji hesabu ya peke yake. Zimeshajionesha kwenye mzigo uliobaki. Mkopo si pato, usiutolee fungu. Fedha ya mchezo (upatu) ikikufikia zamu yako ni yako mwenyewe imerudi. Kwenye VIKOBA tazama nyongeza tu: kama hisa zako zilikuwa 600,000 na mwisho wa mzunguko umegawiwa 690,000, cha kutolea ni 90,000. Mwezi wa hasara hauna fungu la kumi. Ukitaka kushukuru mwezi huo kwa chochote, toa, ila iite sadaka.

Sasa huyo muuzaji wa jumla. Zaburi 37:21 ina neno kali kwa anayekopa asilipe, na deni lako kwake lina tarehe. Mwendee kabla hajakupigia, umwoneshe daftari, mkubaliane kiasi cha kila wiki ambacho duka linaweza kubeba. Kwa faida ya 200,000, zaidi ya 25,000 kwa wiki utakuwa unadanganya. Na mzigo mpya ununue kwa taslimu, hata kama ni kidogo, mpaka deni la zamani liishe.

Kabla ya makato au baada?

*Mshahara wangu ni 800,000. Fungu la kumi nihesabu kwenye hiyo au kwenye kinachoingia benki? — Mwajiriwa, Dodoma*

Biblia haijui karatasi ya mshahara, kwa hiyo makanisa yanatofautiana na hakuna sababu ya kugombana. Ukikatwa NSSF 80,000 na kodi 60,000, mkononi unapata 660,000. Kwa hesabu ya kwanza utatoa 80,000, kwa ya pili 66,000. Anayehesabu kabla ya makato ameshayatolea mafao yake, hatahitaji kuyatolea tena atakapostaafu, isipokuwa nyongeza. Anayehesabu baada ya makato ajue kwamba siku mafao yakija, fungu lake linamsubiri. Kibaya ni kuchagua njia moja leo na nyingine siku ya kustaafu, kila mara ile iliyo nafuu. Makato ya mkopo wa benki hayaondolewi kabla ya kuhesabu, maana hilo ni deni lako unalilipa kwa pato lako.

Zaka au dawa za mama?

*Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Mkatoliki, mume wangu Msabato. Mama yangu mzazi ni mjane, ana kisukari, na dawa na vipimo vinafika 70,000 kwa mwezi. Mimi nasema zaka ya nyumba yetu iende kwenye dawa. Mume wangu anasema zaka haiguswi, mama atamtegemea Mungu. Nani yuko sahihi? — Mke, Mwanza*

Milele na milele, amina. Dada, mmegombania fungu lisilo lenyewe.

Mumeo hajakosea kuhusu kanisa lake. Wasabato wanafundisha kwamba zaka imetengwa kwa kazi ya Injili, na mtoaji hana ruhusa ya kuipeleka anakotaka, hata pakiwa na shida ya kweli. Wewe nawe hujakosea kuhusu lako: Kanisa Katoliki linawataka waamini walitegemeze kwa mahitaji yake, kila mmoja kadiri ya uwezo wake, na halikutaja asilimia. Ukimlazimisha mumeo avunje dhamiri yake, atatoa hizo 70,000 kwa kinyongo, na mama yako ataonekana mzigo katika nyumba ya binti yake.

Alikokosea mumeo ni kwenye ile sentensi ya mwisho. Marko 7:9-13 inaeleza watu waliosema mali yao ni Korbani, wakfu kwa Mungu, ili wasimsaidie baba wala mama. Yesu aliwaambia wanalitangua neno la Mungu. Na 1 Timotheo 5:4 inawataka watoto na wajukuu wa mjane waanze na wa nyumbani mwao kwa kuwalipa wazazi wema wao. Aya ya 8 inasema asiyewatunza walio wake ni mbaya kuliko asiyeamini. Msomee mumeo aya hizo, ila usisome kwa sauti ya ushindi.

Dawa za mama zitoke kwenye zile sehemu tisa zilizobaki, na zitoke mapema. Kama pato la nyumba ni 600,000 na zaka ni 60,000, mna 540,000. Andikeni chakula, pango, dawa za mama na ada kabla ya kitu kingine. Kisha tazameni sadaka zilizo juu ya zaka: makambi, majengo, shukrani, michango ya jumuiya. Hizo ni za hiari katika makanisa yote mawili, na hapo ndipo penye nafasi ya kupunguza kwa miezi kadhaa bila mtu kuvunja dhamiri. Hesabu na ndugu zako. Mko wangapi? Mkiwa watatu, 70,000 ni 24,000 hivi kwa kila mmoja, na asiye na fedha alete kuku au ampeleke mama kliniki.

Kama mama amefikisha miaka 60 na hana uwezo, nendeni ofisi ya serikali ya mtaa au kijiji mkaulizie utambulisho wa mzee asiye na uwezo, kisha ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali ya serikali kuhusu msamaha wa matibabu. Pelekeni kitambulisho chake. Msamaha ukiwepo bado dawa nyingine hukosekana dirishani, kwa hiyo msifute zile 70,000 zote siku hiyo hiyo.

Jambo la mwisho, na halina mjadala wa dini: mama asipunguze dozi wala kuruka siku ili dawa zifike mwisho wa mwezi. Anayetumia insulini akifanya hivyo sukari inapanda, na anaweza kulazwa kwa gharama inayozidi hizo dawa mara nyingi. Fedha ikipungua, mwambieni daktari; huwa zipo dawa za bei ya chini zenye kazi ile ile.

Nilitangaza mbele ya watu, sasa kazi imeisha

*Bwana asifiwe. Katika harambee ya kanisa letu hapa Voi nilisimama nikaahidi shilingi 50,000. Nimelipa 15,000. Mwezi wa tatu nikaachishwa kazi. Sasa ninakwepa ibada maana majina ya wenye ahadi husomwa. Mhubiri 5:5 inanikosesha usingizi. — Ndugu, Voi, Kenya*

Ndugu yetu, Mhubiri anasema ni afadhali usiweke nadhiri kuliko kuiweka usiiondoe, na hatutaki kuipunguza makali. Lakini Torati iliyoamuru nadhiri iondolewe ilijua pia kwamba watu hufilisika. Walawi 27 inaorodhesha thamani ya nadhiri ya mtu: mwanamume wa miaka 20 hadi 60 ni shekeli 50 za fedha, mwanamke 30. Kisha aya ya 8 inasema kama aliyeweka nadhiri ni maskini kuliko thamani ile, asimamishwe mbele ya kuhani, naye kuhani amkadirie upya kwa kadiri awezavyo. Angalia utaratibu: hakujikadiria mwenyewe nyumbani, wala hakutoroka. Alikwenda kwa kuhani. Paulo naye anaandikia Wakorintho kwamba utayari ukiwepo, kutoa hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo mtu, si kwa kadiri ya asivyo navyo (2 Wakorintho 8:12).

Kwa hiyo kinachokudai kwanza ni kwenda kusema. Usimwendee anayesoma majina. Mwendee mchungaji au mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, katikati ya wiki, si baada ya ibada ambapo kila mtu ana haraka. Beba stakabadhi za ile 15,000. Mwambie mambo matatu: hali ilivyobadilika, kilichobaki, na unachoweza. Maneno kama haya yanatosha: "Niliahidi elfu hamsini, nimetoa kumi na tano. Sina kazi tangu mwezi wa tatu. Naomba ahadi yangu isimame kwenye elfu ishirini na tano, na hizo kumi zilizobaki nitazimaliza Desemba." Omba iandikwe kwenye daftari la ahadi, na jina litolewe kwenye orodha inayosomwa.

Kama huwezi hata hizo kumi, toa mikono. Kuchimba msingi, kusomba mawe, kumwagilia zege kwa siku saba ili likomae, kulinda saruji usiku: hizi zote kamati hulipia vibarua. Kubalianeni mapema siku yako moja inahesabiwa shilingi ngapi, bei ile anayolipwa kibarua wa Voi, iandikwe. Bila kuandika, baada ya miezi miwili mtunza hazina mpya ataona deni lile lile.

Usikope kulipa ahadi. Utakuwa umehamisha deni kutoka kwa watu watakaokuombea kwenda kwa watu watakaokupigia simu usiku. Na kwa kamati za ujenzi zinazosoma safu hii: orodha ya wadaiwa mimbarani inaingiza fedha kidogo na inatoa waumini wengi. Waandikieni watu barua.

Mzee mwenzangu wa kanisa anataka nimdhamini

*Shalom. Ni mwalimu, mwanachama wa SACCOS hapa Moshi, akiba yangu ni 3,000,000. Mzee mwenzangu wa kanisa anaomba mkopo wa 6,000,000 kwa miezi 24 na ameniletea fomu ya mdhamini. Ananiambia ni saini tu, na kwamba Wakristo tunabebeana mizigo. Mke wangu hataki. Nikikataa nitamtazamaje Jumapili? — Mwalimu, Moshi*

Mwalimu, hakuna kitu kinachoitwa saini tu. Tuanze na fomu ndipo tuje kwenye Maandiko.

Ukisaini, mambo mawili hutokea. Akiba yako, au sehemu yake iliyotajwa, huzuiwa: huwezi kuitoa, na mara nyingi huwezi kuitumia kuombea mkopo wako mwenyewe, mpaka deni lake liishe. Pili, kwa Sheria ya Mikataba wajibu wa mdhamini ni sawa na wa mkopaji, isipokuwa mkataba uwe umesema vingine. Maana yake wakidai, hawadai nusu. Wanadai deni, riba, faini ya kuchelewa na gharama za kufuatilia. Msidanganyane kwamba "wataanza na yeye". Wataanza na aliye na akiba.

Sasa soma riba. Tuseme ni asilimia 1.5 kwa mwezi. Ikihesabiwa kwenye mkopo wa awali mpaka mwisho, ni 90,000 kila mwezi, yaani 2,160,000 kwa miezi 24; jumla 8,160,000, marejesho 340,000 kwa mwezi. Ikihesabiwa kwenye salio linalopungua, huku mtaji ukirudi 250,000 kila mwezi, riba yote ni 1,125,000. Tofauti inazidi milioni moja, na asilimia iliyoandikwa kwenye fomu ni ile ile. Uliza ni ipi. Kisha uliza huyo mzee analipwa kiasi gani na ana makato mengine mangapi. Asipotaka kukuonesha karatasi ya mshahara, ameshajibu.

Dhamana huharibika zaidi mwezi wa 14 kuliko wa kwanza. Mkopaji anaongeza mkopo juu ya mkopo, na kama fomu imesema dhamana inaendelea kwa mikopo itakayofuata, umeingia humo bila kuulizwa. Au anahamishwa kikazi, marejesho yanakatika miezi miwili, hakuna anayekuambia, unagundua siku unapotaka kutoa akiba ya ada. Kwa hiyo anayeamua kudhamini aandike kwenye fomu kiasi cha mwisho anachodhamini, kwa mfano 1,000,000, na mkopo mmoja tu wenye tarehe. Adai nakala ya mkataba. Aulize salio kila baada ya miezi mitatu.

Kuhusu mke wako: kama dhamana ni nyumba mnayoishi, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inakataza mwenzi mmoja kuiuza, kuipangisha au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake. Kwa akiba ya SACCOS sheria haikubani hivyo. Lakini hizo 3,000,000 ni ada na matibabu ya nyumba yenu wawili. Kusaini baada ya yeye kusema hapana ni kumchagua mzee wa kanisa mbele ya mke.

Biblia haikukataza kudhamini moja kwa moja. Yuda alisimama mdhamini wa Benyamini mbele ya baba yao (Mwanzo 43:9). Paulo alimwandikia Filemoni kuhusu Onesimo: kama unamdai kitu, kihesabu juu yangu, mimi nitalipa, na akaandika kwa mkono wake. Mithali, kwa upande wake, inaonya mara nyingi, na 22:26-27 inampa mdhamini asiye na cha kulipa picha ya kitanda kuondolewa chini yake. Ukiziweka pamoja, kinachomtenga Paulo na mjinga wa Mithali ni kwamba Paulo alisema nitalipa akimaanisha hivyo. Jiulize: naweza kumpa huyu mzee fedha hizi leo, zisirudi, na Jumapili tukae benchi moja? Kama ni 300,000 unayoweza kuipoteza, dhamini 300,000, au umpe bure 200,000. Kama ni 3,000,000, usisaini.

Kumwambia ni jambo la dakika mbili, uso kwa uso, bila sababu ndefu, kwa kuwa kila sababu utakayoitoa ataitafutia dawa: "Mzee wangu, tumezungumza nyumbani, hatudhamini mikopo. Tuna laki moja ya kukusaidia kuanza, si ya kurudisha." Usimsingizie mkeo. Atanuna, ndiyo. Anayenuna wiki tatu ni nafuu kuliko anayekukwepa miaka miwili.

Na ukikuta umeshasaini, Mithali 6:1-5 inakutaka usilale mpaka umejinasua. Iandikie SACCOS ukiomba mkopaji alete mdhamini mbadala. Hujatoka mpaka upewe barua ya kuondolewa. Maneno ya meneja mlangoni hayatoshi. Ikibidi ulipe, hifadhi kila stakabadhi, maana sheria inakupa haki ya kumdai mkopaji ulichomlipia.

Mume anatuma "mbegu" kwa simu

*Mume wangu anafuata mahubiri ya mtumishi mmoja mtandaoni. Kila wiki anatuma 20,000 hadi 50,000, na mwezi uliopita alikopa kwenye programu ya simu ili apande mbegu ya nyumba, yaani sadaka ya kutarajia kupata nyumba. Ada ya mtoto haijalipwa. Nikisema naambiwa nina roho ya kupinga. — Mke, Temeke*

Dada, pole. Usianze na yule mtumishi; ukimshambulia, mumeo atamtetea na mtabishana juu ya mtu ambaye hayupo sebuleni. Anza na karatasi. Muombe mchukue taarifa ya miamala ya simu ya miezi mitatu, mpigie mstari kila muamala kwa rangi: chakula, ada, mkopo, mbegu. Jumla zikionekana, sauti hupungua.

Kisha someni pamoja 2 Wafalme 5. Naamani amepona ukoma, amekuja na zawadi nono, Elisha anaapa hatapokea kitu. Gehazi anakimbia nyuma ya gari akadai fedha na nguo, na ukoma ukamshika yeye. Someni na Matendo 8:18-20, Simoni alipotaka kununua karama kwa fedha. Wala mumeo hajaambiwa na Paulo atoe kwa hofu: "si kwa huzuni, wala si kwa lazima" (2 Wakorintho 9:7).

Mkubaliane kiasi cha sadaka cha mwezi kinachotoka baada ya ada na pango, na chochote kinachozidi 10,000 kijadiliwe na wawili. Kabla ya kutuma, simu huonesha jina la mpokeaji. Jina la mtu binafsi badala ya jina la kanisa ni sababu ya kusimama na kuuliza: kanisa hili limesajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya? Lina mtunza hazina? Linatoa stakabadhi? Lina mzee wa kanisa unayeweza kumpigia? Namba inayobadilika kila mwezi iogopeni. Ujumbe wa kuomba fedha msioufahamu chanzo chake upelekeni 15040, namba ya TCRA ya kuripoti utapeli, na mpige *106# kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho cha mumeo.

Ule mkopo wa simu uwekeeni mstari wake na uishe kwanza, kwa sababu hukua kwa siku. Programu inayowapigia watu walio kwenye orodha ya simu yenu na kuwaaibisha iripotini Benki Kuu. Mnamo 2024 ilitangaza orodha ya programu za mikopo zisizo na leseni, hakikisheni yenu haimo. Msikope kwa kausha damu wa mtaani kulipa mkopo wa simu.

Akikataa hata kuangalia taarifa ya miamala, mtafute mtu mmoja anayemheshimu, mchungaji wenu wa karibu, msimamizi wenu wa ndoa au kaka yake, kwa utaratibu wa Mathayo 18:16, na mtu huyo mmoja atoshe. Usilipeleke kwenye kundi la WhatsApp la familia. Ada ya mtoto ilipe kwanza kwa mkono wako, ikiwa una kipato, moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Na kama katika mahubiri hayo ameambiwa aache dawa za presha, za ARV au za kifua kikuu, hilo halisubiri kikao: mpeleke kliniki wiki hii.

Kadi ya mchango wa tano mwezi huu

*Mwezi mmoja nimeletewa kadi tano za harusi, zote za washarika. Nikikataa ni dhambi? — Kijana, Morogoro*

Si dhambi. Panga mwanzoni mwa mwaka kiasi cha michango ya sherehe, kigawe kwa miezi, kikiisha kimeisha. Jibu mapema, wakati kamati bado inahesabu wageni: "Hongereni sana. Safari hii sitaweza kuchanga, msiniwekee nafasi ukumbini, ila ibada ya ndoa nitakuja." Usiandike ahadi ili kumwondoa mleta kadi mlangoni. Kamati itaagiza chakula kwa hesabu hiyo, na wiki ya harusi watakutafuta kwa 50,000 ambayo hukuwa nayo tangu mwanzo.